Tulimwita Betri



Muhula huu tumesoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Wengi hukumbuka kisa cha mapeasi aliyoiba. Sisi mafrateri wanne tuliosoma pamoja seminari ndogo tulikwama kwenye kitabu cha tatu. Augustino anasimulia kuwa alipokuwa mwanafunzi Karthago, karne ya 4, lilikuwapo kundi la wanafunzi walioitwa Waharibifu. Waliwaandama wageni, wakafanyia mzaha haya zao na kujifurahisha kwa kuwahangaisha. Yeye anasema aliyachukia matendo hayo na hakuyatenda. Ila alikaa nao, urafiki wao ukimpendeza mara nyingine, na tena akiona aibu kwamba hakuwa kama wao.

Tulitazamana. Kila mmoja alijua mwenzake anamkumbuka nani.

Tulikuwa kidato cha pili alipofika njuka mmoja mwenye kigugumizi. Mwaka uliotangulia njuka tulikuwa sisi: kuchota maji ya kuoga ya wakubwa, kufua soksi zao, kuimba juu ya kitanda taa zikishazimwa. Tuliapa hatutamfanyia mtu hivyo. Kumbe uonevu hujifunzwa kama Kilatini, kwa kurudiarudia, na sisi tulikuwa tumeshakariri.

Hatukumpiga. Hilo tulijisifia kwa muda mrefu. Siku alipopangiwa kusoma somo la kwanza kwenye Misa ya asubuhi, alikwama kwenye neno Wathesalonike. Mmoja wetu akanong'ona kwamba betri zimeisha. Benchi zima likatikisika kwa kicheko cha kujizuia, na tangu siku hiyo jina likamganda. Kwenye foleni ya ugali, uwanjani, shambani wakati wa kazi za mikono: Betri. Akisimama kujibu swali darasani, mtu aligonga dawati kama anayeamsha redio. Wengine walimshauri akajianike juani, apate moto. Aliyeyatunga hayo ni mmoja. Sisi wengine tulicheka tu, na bila kicheko chetu angechoka baada ya wiki.

Mlezi alipouliza tulisema ni utani. Lakini utani tunaujua tangu nyumbani. Mpare na Mchaga hutaniana hata msibani, na kila mmoja ana zamu yake ya kujibu. Leo unachekwa, kesho unacheka. Betri hakuwa na zamu. Kila alipofungua kinywa kujibu, jibu lenyewe ndilo lililotuchekesha.

Akaacha kunyosha mkono. Siku za zamu yake ya kusoma aliumwa tumbo, akapelekwa zahanati, akarudishwa na panadol. Kilichotuuma baadaye zaidi ni kwaya. Akiimba hakukwama hata mara moja, sauti ilitoka nzima, na huko nako akaacha kwenda kwa sababu ilimpasa kupita mbele yetu. Akaenda likizo ya Desemba. Januari tulikuta godoro lake limekunjwa. Ikasemwa kwamba hakuwa na wito, nasi tukapokea maneno hayo haraka. Wito ni kazi ya Mungu, basi haikutuhusu.

Pasaka iliyopita mmoja wetu aliingia duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari, akamkuta. Duka ni lake. Anayezungumza na wateja ni mdogo wake. Mwenyewe anakaa nyuma ya kaunta akiandika risiti. Walisalimiana kwa majina halisi. Aliulizia habari zetu wote, polepole, akimtaja kila mmoja, kisha akaandika namba yake ya simu nyuma ya risiti.

Namba tunayo. Hatujapiga, maana simu ingemlazimu yeye kuongea. Tumekubaliana twende likizo ya Juni, wote wanne. Nani ataanza kusema, hilo bado tunabishana.