Usizisugue Sarafu za Babu Yako

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na picha za sarafu alizoacha babu yako nimezitazama moja moja. Unaniuliza kama uziloweke kwenye ndimu na chumvi, kama alivyokushauri rafiki yako, zing'ae kabla hujawaonyesha wanunuzi. Nakuomba usithubutu.

Najua umekua ukiona masinia ya shaba yakisuguliwa kwa ukwaju kila Sikukuu ikikaribia. Sinia ni nene, na likipungua kidogo hakuna anayepoteza kitu. Thamani ya sarafu yote iko juu yake, kwenye maandishi na michoro isiyofikia hata unene wa kucha. Ule ukahawia unaouona si uchafu uliogandia. Ni shaba yenyewe iliyoungana na hewa miaka nenda miaka rudi ikajifanyia utando, na ukiuondoa utando umeondoa sehemu ya sarafu.

Chukua ile pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yenye mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Iinamishe chini ya taa uangalie zile nyuzi za mizani na nukta za herufi. Hizo ndizo za mwanzo kufutika. Ikitoka kwenye ndimu itakuwa nyekundu kama shaba mbichi, nawe utadhani imekuwa mpya. Haitachukua muda itaingia madoa, na rangi ya zamani hairudi tena. Mnunuzi anayejua huitambua kwa kuitupia jicho tu, na bei inashuka papo hapo. NGC, kampuni ya Marekani inayopima ubora wa sarafu, haiipi alama ya kawaida sarafu iliyosafishwa vibaya. Kasoro hiyo huandikwa kwenye kasha lake.

Reale ya Maria Theresa nayo iache na weusi wake. Usijaribu kuisugua hata kwa dawa ya meno: ina chembe zinazokwangua, na mikwaruzo yake kwenye fedha haifichiki.

Kama kuna mchanga, iloweke sarafu kwenye maji ya kujazia betri (maji, si tindikali!), kisha ilaze juu ya kitambaa laini cha pamba uikandamize bila kusugua. Gundi ya selotepu inatoka kwa asetoni safi, dirisha likiwa wazi na moto uwe mbali. Usitumie ile ya kufutia rangi ya kucha, maana huchanganywa na vitu vingine. Ishike sarafu ukingoni daima. Na uzitoe kwenye ile albamu ya plastiki laini, kwani baadhi ya plastiki hizo hutoa kemikali inayoacha ute wa kijani; bahasha ndogo za karatasi zinatosha.

Sasa hizo za Kilwa ambazo unasema kijana mmoja anaziokota ufukweni na anataka kukuuzia. Hapa ndipo ninapokusihi zaidi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama zile za Ali bin al-Hasan, kwa kawaida hazina mwaka wala mji zilikopigwa. Zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa na vina vinavyoitikiana. Maandishi hayo yakiliwa na ndimu, kilichobaki ni kipande cha shaba kisichoweza kumwambia mtu yeyote kilikuwa cha nani. Tena, sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Usinunue. Mwambie azipeleke kwa maofisa wa mambo ya kale kama zilivyo, na udongo wake, aeleze na mahali hasa alipoziokota, kwa sababu mahali penyewe ni nusu ya habari.

Limebaki moja. Kwenye picha ya tano kuna heller ya Wajerumani yenye unga wa kijani kibichi hafifu. Huo si utando wa kawaida. Chumvi imeingia ndani ya shaba, na ikipata unyevu inaendelea kuila. Itenge leo hii mahali pakavu, mbali na nyingine, na usiiguse kwa dawa yoyote. Hiyo inahitaji mhifadhi wa makumbusho. Niandikie baada ya wiki mbili kama unga unaongezeka, nami nitakutafutia mtu Dar es Salaam.

Msalimie mama yako na wadogo zako.

Mimi mjomba wako