Deni la Eli Manning

Katika futiboli ya Marekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde tatu hivi, aurushe kwa nani, ampe mwenzake akimbie nao, au atimue mbio mwenyewe. Uwanjani wako 11 kila upande, lakini ushindi na vipigo huandikwa kwa jina lake kana kwamba alicheza peke yake. Hata kipa wa soka habebeshwi mzigo huo. Ndiyo maana kwotabeki akianza kuzeeka, anazeeka mbele ya macho ya watu.

Mkono hauishiwi nguvu siku moja. Kwa kawaida miguu ndiyo hutangulia: ile hatua moja ya kumkwepa jitu linalokuja kumwangusha inachelewa. Kisha pasi ndefu inaelea hewani kidogo zaidi, na beki wa upande wa pili, ambaye zamani angefika mpira umeshapita, sasa anaukuta. Makocha huliona hilo mapema na huanza kumsitiri mchezaji wao kwa pasi fupifupi. Hapo takwimu huwapoteza mashabiki, maana pasi fupi hufika, asilimia hupanda, na aliyesoma karatasi tu huona mzee bado yumo.

Mfano ulio wazi ni wa Eli Manning wa New York Giants. Mwaka 2004 alichaguliwa wa kwanza kabisa na San Diego Chargers, akapelekwa Giants siku hiyohiyo, akadumu huko misimu 16. Hakuwa na mbio, wala mkono wake haukuwa wa uhakika kama wa kaka yake Peyton. Lakini Februari 2008 aliiongoza Giants kuifunga New England Patriots 17–14 katika Super Bowl, timu iliyokuwa imeshinda mechi zote 18 za msimu huo. Februari 2012 akaifunga tena, 21–17. Mara zote mbili alitangazwa mchezaji bora wa fainali. Kwa shabiki wa Giants hilo ni deni lisilolipika, na mengi yaliyofuata hayaeleweki bila kulikumbuka deni hilo.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 2013 pasi zake 27 zilinaswa na wapinzani, nyingi kuliko za kwotabeki mwingine yeyote katika ligi msimu huo. Miaka miwili iliyofuata aliinuka, na 2016 timu ikamaliza na ushindi 11 dhidi ya vipigo 5, kila mwinuko ukiwapa watetezi wake sababu ya kusahau mteremko uliotangulia. Aliyethubutu kusema kwamba Manning anachuja alijibiwa kuwa wanaomlinda ni dhaifu na wapokeaji wake ni majeruhi. Majibu hayo hayakuwa ya uongo. Oktoba 2017 mpokeaji wake hodari, Odell Beckham Jr., alivunjika kifundo cha mguu. Udhaifu wa majibu ni kwamba yalitolewa kila mwaka, huku waliomzunguka Manning wakibadilishwa na yeye akibaki.

Kilele kilikuja tarehe 28 Novemba 2017. Giants wakiwa na ushindi 2 na vipigo 9, kocha Ben McAdoo alitangaza kwamba mechi ijayo itaanzwa na Geno Smith. Manning alikuwa ameanza mechi 210 mfululizo za msimu wa kawaida, mfululizo uliozidiwa na wa Brett Favre peke yake wakati huo. Alipewa nafasi ya kuanza kisha apumzishwe katikati, ili rekodi isikatike. Akakataa, akisema mpango huo haumtendei haki yeye wala Smith. Akazungumza na waandishi machozi yakimlengalenga, na jiji likawaka. Tarehe 3 Desemba Giants walifungwa 24–17 mjini Oakland. Kesho yake McAdoo alifukuzwa pamoja na meneja mkuu, Jerry Reese. Wiki iliyofuata Manning alirejea uwanjani, na Dallas Cowboys wakaifunga Giants 30–10.

McAdoo aliliendesha jambo hilo vibaya, hilo halina ubishi. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki: mtu wa miaka 36, katika timu iliyokwisha kupoteza msimu, haijafika wakati apishe wengine wajaribiwe? Swali la mpira likajibiwa kwa lugha ya heshima, na likafa. Katika kelele hizo lilimezwa jambo jingine ambalo wasomaji wengi wa Kiafrika waliokuwa Marekani hawakuliacha lipite. Smith alikuwa kwotabeki wa kwanza mweusi kuanza mechi ya Giants tangu klabu ianze kucheza mwaka 1925, na Giants walikuwa wa mwisho kati ya timu zote 32 za ligi kufikia hapo. Siku ambayo ingepaswa kuwa na uzito wake yenyewe ikakumbukwa kwa sababu ya aliyekaa benchi.

Giants huchezea East Rutherford, New Jersey, katika uwanja uleule uliochaguliwa na FIFA kwa fainali ya Kombe la Dunia la 2026. Si mbali na hapo ni Jersey City, penye jamii ya Wakenya ya miaka mingi. Shabiki wa Kiafrika wa Mashariki katika eneo hilo ana ratiba ya nyumba mbili: Jumamosi saa nne asubuhi Arsenal, wakati Nairobi na Dar es Salaam ni saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kutegemea majira, Jumapili saa saba mchana Giants, kwa ajili ya mazungumzo ya kazini Jumatatu. Super Bowl ikianza jioni New Jersey, kwao ni saa nane na nusu usiku, na ndugu wamelala.

Aliyefika baada ya 2012 hakuwa na deni lolote kwa Manning. Alimwona mtu mrefu anayejikunyata kabla ya kuangushwa, akauliza swali jepesi: kwa nini haondolewi? Jibu la wenyeji halikuwa hoja, lilikuwa tarehe. Hukuwepo 2008. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakuwa amekubali kwamba anaumwa.

Mgeni huyohuyo, akigeukia simu yake, hana macho hayo makavu. Arsène Wenger aliifikisha Arsenal kwenye ubingwa bila kufungwa msimu wa 2003/04, kisha akakaa hadi 2018 bila kuupata tena, Agosti 2011 akipigwa 8–2 na Manchester United. Kwa miaka hiyo yote walikuwapo, Mombasa hadi Mwanza, waliomwita msaliti kila aliyedai mzee apumzike. Hata pale Dennis Oliech aliporudi Nairobi kuchezea Gor Mahia Januari 2019, akikaribia miaka 34 na akiwa amekaa muda mrefu bila klabu, wengi walimpokea kwa kumbukumbu ya bao lake dhidi ya Burkina Faso katika Kombe la Afrika la 2004. Muda aliokaa nje ulikuwa swali la wachache, wakaambiwa wana roho mbaya.

Kati ya nyumba hizo mbili ipo tofauti moja inayofaa kupimwa. Malezi ya Uswahilini yanataka mkubwa asisemwe mbele za watu; kosa lake hupelekwa pembeni, kwa mafumbo, na mtu aliye rika lake. New York inajisifu kwa kinyume chake: redio ya WFAN imekuwa ikizungumza michezo mchana na usiku tangu 1987, na msikilizaji yeyote anaweza kupiga simu na kumrarua mchezaji. Ingedhaniwa kwamba huko ukweli hupokelewa kwa urahisi zaidi. Sakata la 2017 lilionyesha sivyo. Kusema kulikuwa kwingi, kusikia kukawa kuleule. Pengine adabu ya nyumbani ina afadhali kidogo hapa, kwa kuwa inakiri waziwazi kwamba ukosoaji unauma.

Mhamiaji anagongwa pande zote. Akimkosoa Manning kazini huambiwa akajifunze mchezo kwanza. Akimkosoa kipenzi cha nyumbani kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huambiwa ameshakuwa Mmarekani, anatazama kwa mbali asichokijua. Hoja yake haiguswi katika nyumba yoyote. Kinachokaguliwa ni kibali chake cha kusema.

Giants walilipa gharama ya heshima hiyo. Mwaka 2018, wakiwa na nafasi ya pili ya kuchagua wachezaji chipukizi, walimchukua mkimbiaji Saquon Barkley badala ya kwotabeki. Josh Allen alichukuliwa wa 7 na Lamar Jackson wa 32. Barkley alipokea pasi 91 msimu huo, nyingi zikiwa zile fupi za kusitiri, Manning akamaliza na takwimu nzuri, na timu ikapoteza mechi 11 kati ya 16. Septemba 2019 nafasi yake ilikwenda kwa Daniel Jones baada ya mechi mbili tu. Jones alipoumia mwezi Desemba, Manning aliitwa tena, na ushindi wa 36–20 dhidi ya Miami ukaifunga rekodi yake kwenye ushindi 117 na vipigo 117.

Tarehe 26 Septemba 2021 jezi yake namba 10 ilistaafishwa. Uwanja ulimshangilia Manning, ukamzomea mmiliki John Mara alipochukua kipaza sauti. Mwaka 2025, mara ya kwanza alipostahili kupigiwa kura ya kuingia katika Jumba la Heshima la futiboli, hakupita. Mabishano yakaanza upya, fainali mbili upande mmoja na 117 kwa 117 upande wa pili. Na safari hii, miongoni mwa waliomtetea kwa ukali walikuwamo wahamiaji wa kabla ya 2008, ambao sasa nao huwaambia wageni kwamba hawakuwepo.