Jicho Kwanza, Mkono Baadaye



Ndugu wasomaji, mwaka huu baadhi ya wazazi wametuuliza kwa nini vijana wa madrasa tunajifunza karate. Wengine wana hofu kwamba tutatoka hapa tukiwa wagomvi. Swali ni la haki, nasi tumeona tulijibu kwa kueleza tunachokifanya hasa baada ya sala ya Alasiri, yaani kutafuta wepesi.

Wengi hudhani wepesi ni wa mkono. Ukigusa sufuria ya moto, mkono huruka wenyewe, kwa kuwa amri hutoka kwenye uti wa mgongo bila kungoja ubongo. Huo Mwenyezi Mungu ametujaalia sote, hauhitaji mwalimu. Ngumi ni jambo jingine. Jicho liione, ubongo uitambue, ndipo mkono uambiwe la kufanya, na safari hiyo huchukua kama robo ya sekunde au pungufu kidogo. Ngumi ya mtu aliyezoea, akiwa karibu, hufika kwa muda huo huo au chini yake. Anayesubiri kuiona ndipo akinge, ameshapigwa.

Kipimo chake hakina gharama. Mwenzako ashike rula kwa juu, wewe weka kidole gumba na cha shahada kwenye sifuri bila kuigusa, naye aiachie ghafla. Ukiidaka kwenye sentimita 20 umetumia sekunde 0.2, kwenye sentimita 30, karibu robo. Tulipimana sote. Aliyedaka mapema kuliko wote hakuwa mkubwa wetu wala mwenye misuli. Aliyekesha harusini usiku uliotangulia, rula ilimponyoka mara mbili.

Hata hivyo rula ina mpaka wake. Baada ya siku chache namba hazishuki tena sana. Kinachoendelea kukua ni kusoma mwili wa mwenzako, kwa sababu bega na nyonga hutangulia ngumi. Basi tunasimama wawili wawili, mmoja anashambulia polepole, mwingine anataja "kulia" au "kushoto" kabla ngumi haijatoka, mikono ikiwa chini. Ajabu ni kwamba zoezi hili ndilo linalotuchosha kuliko yote. Tena kinga zenyewe tunazo chache. Mwaka 1952 Mwingereza W. E. Hick alionyesha kwa vipimo kwamba mambo ya kuchagua yakizidi, mtu huchelewa kuitikia. Ndiyo maana Goju-ryu, mtindo ambao Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliufundisha Zanaki, Dar es Salaam, tangu miaka ya 1970, hurudia kinga zile zile mpaka mtu achoke nazo.

Na mvua yetu ya Tukuyu inasaidia. Ikipiga bati, hesabu ya mwalimu haisikiki kabisa. Sikio huitikia upesi kuliko jicho, kwa hiyo mwanafunzi huzoea kuvizia sauti. Mvua inamnyang'anya sauti, anabaki na jicho.

Zoezi tunalopenda wazazi walione ni la kujizuia. Mwenzako mara anapiga kweli, mara anajikuna kichwa, mara ananyoosha mkono wa salamu. Anayekinga salamu anakaa pembeni. Mtume (S.A.W.) alikwisha tueleza, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kuwa mwenye nguvu si yule anayeangusha watu kwenye mieleka bali anayejimiliki anapokasirika.

Siku moja pale stendi mwenzetu alishikwa bega kwa nyuma. Mkono ulishainuka alipogeuka na kumwona bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi, akitafuta wa kumpandishia kwenye gari. "Shikamoo bibi," akasema, akaupokea mkungu.

Mzazi anayetaka kutazama aje Jumamosi yoyote baada ya Alasiri, mvua iwepo isiwepo. Rula zipo.