Gari Langu na Mkono wa Fundi

Nilifundisha kwa miaka 39, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1971 hadi nilipostaafu mwaka 2010 nikiwa mkuu wa shule. Katika muda huo wote nilimiliki gari moja tu, Peugeot 404 nyeupe iliyoundwa mwaka 1968. Mpaka leo liko uani kwangu Mbagala, chini ya turubai. Wageni wakiliona hunipongeza kwa jinsi nilivyolirudisha katika hali yake ya kiwandani. Nazipokea pongezi zao, lakini moyoni kuna kitu hunichoma, na hicho ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

Wasomaji vijana huenda wakauliza kwa nini mtu mzima ahangaike na gari kuukuu kiasi hicho. Sisi wa rika langu hatuna haja ya kuambiwa. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, na njia zake za vumbi na matope zilikuwa kaburi la magari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 gari la aina hiyo lilishinda tena, likiendeshwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa hapa kwetu Tanzania, na mwaka 1968 likashinda kwa mara ya nne. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Tulijazana kwenye baraza ya jirani mwenye redio kusikiliza nani yuko mbele, na wengine tulichora magari hayo kwenye majalada ya madaftari yetu, tukachapwa.

Basi mwaka 1979, mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao aliponiambia kwamba anauza 404 yake, sikulala. Nilikopa kwa ndugu watatu na nikalipa deni kwa miaka minne. Haukuwa wakati mzuri wa kununua gari. Vita vya Kagera vilikuwa vimeiacha nchi haina fedha za kigeni, petroli ilikuwa ya foleni, na siku ya Jumapili ikifika saa nane mchana gari la binafsi lilitakiwa liwe limeegeshwa. Vipuri ndiyo usiseme. Duka la vipuri la wakati ule lilikuwa na kaunta, muuzaji, kalenda ukutani, na rafu tupu.

Nalo lilikuwa gari lenye mambo yake. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa ubavu ili boneti iwe chini. Gia zake ziko kwenye usukani. Feni yake ina sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni inaachiwa, injini ikipata moto inashikwa na kuzunguka. Hata difu yake haikukubali mafuta ya kawaida, kwa kuwa ndani yake mna gurudumu la shaba nyeusi, na kiwanda kiliagiza liwekewe mafuta yatokanayo na mbarika. Waliolibuni walikuwa watu wa akili sana, lakini hawakufikiria kwamba litafika mahali ambapo hakuna hata bolti moja ya kubadilisha.

Aliyelifikiria hilo alikuwa fundi wangu wa Tandika. Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe: meza moja, jiko la mkaa lenye mvukuto, na pipa la vyuma vibovu. Mwaka 1981 sumaku ya feni ilipokufa, aliikaza feni kwa bolti tatu ili izunguke wakati wote. Injini ikawa inachelewa kupata moto asubuhi, lakini haikuchemka tena. Mwaka 1983 ikavunjika fimbo inayounganisha usukani na gia. Nilitembea mji mzima, nikaishia Gerezani, sikupata. Fundi alichukua kipande cha nondo ya ujenzi, akapima kwa uzi ile iliyovunjika, akakitia motoni, akakipinda, akakifua na kukitoboa. Kazi ilianza asubuhi ikaisha magharibi. Mwisho akachukua tupa akakata chanjo tatu ndogo kwenye ncha yake. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Mwalimu, ikirudi nijue ni yangu."

Haikurudi kwake. Siku tatu baadaye, saa nane za usiku, mke wangu alishikwa na uchungu. Mvua ilikuwa kubwa na hapakuwa na gari jingine mtaani kwetu. Kila nilipobadilisha gia kuelekea hospitali niliisikia ile nondo ikigonga chini ya usukani, nami nikawa namwomba Mungu isikatike. Haikukatika. Binti yetu alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri.

Miaka ikapita. Baada ya mwaka 1985 milango ya biashara ilifunguliwa, na polepole barabara zikajaa magari yaliyotumika kutoka Japani. Mwaka 1996 nililiegesha 404 juu ya mawe, nikapanda daladala kama watu wengine. Nilipostaafu nikaanza kuliangalia tena. Mpwa wangu ana gereji Mwananyamala na amejifunza kazi ya kurudisha magari ya zamani. Mwaka 2016 tulilivuta kwa kamba kutoka Mbagala, tukapita Barabara ya Kawawa watoto wakitushangilia, na kazi ikaanza.

Kazi hiyo, msomaji, si kupaka rangi. Ni kuchimbua. Mpwa wangu alipopiga msasa mlango, ilitoka kwanza rangi ya buluu niliyoipaka mwaka 1988, kisha puti, kisha kijivu, na chini kabisa nyeupe ya kiwandani. Tulisoma namba kwenye kibati kilichopigwa ribiti, tukahakikisha kwamba bodi na injini vilitoka pamoja. Huko Sochaux, Ufaransa, yalikoundwa magari haya, ipo makumbusho ya Peugeot, na wapenzi wa magari hayo wametunza vitabu vinavyoonyesha kila kipande. Vipuri vilikuja kimojakimoja, kila mmoja aliyesafiri tulimpa orodha.

Nilisoma pia habari za Wamarekani na magari yao ya nguvu ya miaka ya 1960, kama Pontiac GTO iliyotoka mwaka 1964. Wao wamefika mbali katika jambo hili. Wanatafuta bolti yenye alama ileile kichwani. Kama mpaka rangi wa kiwandani alirusha rangi kidogo mahali pasipostahili, nao wanairusha hapohapo. Hata alama za chaki walizoandika wakaguzi wa kiwanda, wanaziandika upya kwa chaki. Niliposoma hayo nilifurahi kama mwalimu aliyeona daftari safi. Nikasema na langu litakuwa hivyo.

Nikanunua daftari. Kila kipande kilichokuwa cha kiwandani nilikipigia vema, na kila kisichokuwa cha kiwandani nilikipigia kosa kwa kalamu nyekundu. Mpira wa tairi uliokatwa ukawekwa mahali pa bushi, kosa. Bamba la mlango wa lori chini ya betri, kosa. Bolti tatu za feni, kosa. Nondo ya gia, kosa.

Fimbo halisi ya gia ilipofika, mpwa wangu aliishika ile nondo mkononi, akaigeuzageuza. Akasema, "Mjomba, hii bado nzima. Tusiiache?"

Nikamjibu, "Toa. Si ya asili."

Mchana huohuo alipita kijana anayenunua vyuma chakavu. Aliipima pamoja na takataka nyingine, akatulipa, akaondoka na mkokoteni wake.

Gari lilikamilika mwaka 2019. Safari yake ya kwanza nililipeleka Tandika. Fundi alikuwa amepita miaka 80 na mwembe wake umekatwa, lakini alinitambua kwa mlio wa injini kabla hajaniona. Alilizunguka taratibu, akapapasa mapezi ya nyuma, akasifu rangi. Kisha akaomba nifungue boneti. Aliinama chini ya usukani, akakaa hapo muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "ile nondo?"

Nikamwambia kwamba nilipata ya kiwandani, kutoka Ufaransa.

"Ah. Vizuri. Ya kiwandani ni nzuri zaidi." Akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

Kesho yake nilianza kuitafuta. Nilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Mwananyamala, nikaenda Tandika, nikaenda Chang'ombe. Walinicheka kwa heshima. Chuma kilichouzwa zaidi ya miaka miwili nyuma! Walinieleza kwamba chuma chakavu hupelekwa viwandani, kikayeyushwa na kutengenezwa nondo. Kwa hiyo huenda imekuwa nondo tena, imo ndani ya nguzo ya nyumba ya mtu, na chanjo zake tatu hazipo.

Usiku ule nilizifikiria zile alama za chaki za Wamarekani. Mtu anapiga magoti chini ya gari aandike upya alama ya mkaguzi asiyemjua, aliyepita nayo mara moja kwa sekunde chache, kwa sababu anaamini kwamba mkono wa mfanyakazi yule ni sehemu ya gari. Nami nilikuwa na alama ya mtu ninayemjua, aliyeshinda kutwa nzima mbele ya moto kwa ajili yangu, nikaiuza kwa kilo. Nilidhani asili ya kitu ni siku kilipotoka kiwandani. Gari langu lilitoka Sochaux mara moja tu. Lakini pale Tandika, chini ya mwembe, lilizaliwa upya mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na bila hizo nisingekuwa na kitu cha kurudisha.

Sisemi kwamba kazi ya mpwa wangu ilikuwa bure. Lazima gari lijulikane lilivyokuwa, na aliyeunda apewe haki yake. Wala nondo iliyochoka haifai kubeba roho za watu kwa ajili ya kumbukumbu tu. Ningeweza kuitoa nikaitunza kabatini. Kosa langu ni kwamba niliipigia kosa. Kila mwalimu anaijua hatari hii: mwanafunzi anapata jibu kwa njia ambayo haimo katika kitabu cha mwalimu, naye mwalimu, kwa kuwa ana haraka na kalamu nyekundu iko mkononi, anapiga mkasi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni wangapi niliowafanyia hivyo kwa miaka 39, sijui, na sasa hakuna njia ya kuwatafuta.

Kipande kimoja kilikuwa kimebaki. Sumaku ya feni ilichelewa kufika, hivyo bolti tatu za mwaka 1981 zilikuwa bado mahali pake. Sumaku ilipokuja nilimwambia mpwa wangu aiache ndani ya boksi lake. Akasema, "Mjomba, waamuzi wa maonyesho watakukata alama." Nikamwambia wakate.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Tandika. Nilimweleza fundi ukweli wote, kwamba nondo niliiuza, kwamba niliitafuta na sikuipata. Hakunilaumu wala hakunifariji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hebu fungua boneti."

Injini ilikuwa imepoa. Akaingiza mkono, akazigusa bolti moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu watoto wake gizani.

"Hii ya chini imelegea," akasema. "Una spana namba kumi?"

Nikampa.