Joto la nyika si sababu ya kuvua helmeti

UKIONDOKA Nairobi alfajiri kwa pikipiki kuelekea Mombasa, hutahitaji mtu akuhimize kuvaa jaketi. Baridi ya uwanda wa Athi itakuhimiza yenyewe. Utafunga zipu hadi kidevuni, utavaa glavu na utashukuru kwamba helmeti imekufunika masikio. Lakini, msomaji mpendwa, safari hii ni ya takriban kilomita 480, na jiji unaloliacha liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kila unapoteremka mita 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi. Kwa hivyo safari nzima ni kama kushuka ngazi, na chini ya ngazi hiyo kuna tanuri.

Hapo ndipo majaribu huanza. Ukifika Emali, jaketi limefunguliwa. Ukifika Kibwezi, glavu zimetiwa mfukoni. Mtito Andei, jaketi limefungwa kwenye keria. Na ukifika Voi, si ajabu kumwona mwendeshaji akiwa na fulana tu, helmeti ikining'inia kiwikoni kana kwamba ni kikapu cha sokoni. Ukimuuliza, atakujibu kwamba joto limezidi.

Joto ni kweli limezidi, hasa miezi ya Januari hadi Machi. Hata hivyo, lami haipunguzi ukali wake kwa sababu ya jua. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Anayeanguka kwa mwendo huo atateleza juu ya lami ambayo mchana wa jua kali huweza kupita nyuzi 50. Fulana haitamsaidia, na hata suruali ya jinzi ya kawaida hutoboka upesi. Swali la kujiuliza, basi, si kama tuvae au tuvue. Swali ni jinsi ya kuvaa bila kuiva.

KITUO CHA MAKINDU

Tuanzie Makindu, kilomita kama 165 kutoka Nairobi. Hapa kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, nalo linajulikana kwa kumlisha msafiri yeyote bila malipo, awe wa dini gani. Sharti ni kuvua viatu na kufunika kichwa. Mwendeshaji aliyejiandaa huwa tayari ana kitambaa chepesi cha pamba chini ya helmeti yake, basi akivua helmeti anaingia bila wasiwasi.

Kitambaa hicho ni siri ya kwanza ya safari za joto. Hunyonya jasho lisitiririkie machoni, huzuia helmeti isinuke, na hufuliwa jioni kikakauka usiku. Beba viwili au vitatu.

Ukiwa hapo, kunywa maji hata kama huna kiu. Upepo wa pikipiki hukausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho kabisa. Tayarisha pia maji ya chumvi na sukari, yale yale ambayo akina mama wamefundishwa kwenye zahanati kwa ajili ya mtoto anayehara: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Huyarudishia mwili maji na chumvi inayopotea kwa jasho.

JOTO KAVU LA NYIKA

Ukiiacha Makindu, vilima vya Chyulu vitakuwa upande wako wa kulia na mibuyu itaanza kujitokeza. Baada ya Mtito Andei unapita kati ya mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, kwenye udongo mwekundu ambao ndovu hujipaka hadi wakafanana nao. Hili ni joto kavu.

Watu wengi huamini kwamba kuvua nguo ndiko kupoa. Ni kweli ukiwa umeketi kivulini. Barabarani mambo hubadilika. Ngozi ya mwanadamu huwa na joto la nyuzi kama 35. Hewa ikipita kiwango hicho, upepo unaokupiga haukuondolei joto bali unakuongezea, huku jua likikuchoma mikono na shingo. Watu wa majangwani walilijua jambo hili zamani, ndiyo maana hujitanda mavazi mapana yanayofunika mwili mzima. Nguo yenye nafasi ya hewa ndani ni kivuli unachotembea nacho.

Basi fanya hivi. Lowesha fulana ya pamba, ikamue, uivae, kisha uvae jaketi juu yake ukiacha mikono na shingo vikiwa wazi kidogo ili hewa ipite. Maji yanapokauka huchukua joto la mwili, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Fulana ikikauka, simama uiloweshe tena. Ikiwa una uwezo, nunua jaketi la wavu lililotengenezewa pikipiki, lenye vikinga vigumu mabegani na viwikoni. Hupitisha hewa, na bado hukukinga ukianguka.

Halafu kuna saa. Jua la saa sita hadi saa tisa mchana halina sababu ya kukukuta barabarani. Ukitoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, unaweza kufika Voi mchana, ule, ujinyooshe kivulini, kisha umalize kilomita 150 zilizosalia jua likiwa limelegea. Ukichelewa, lala Voi. Usiku kwenye barabara hii ni wa malori, na wakati mwingine wa wanyama.

Zijue pia dalili za mwili ulioshindwa na joto: kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza, kichefuchefu. Ukiziona, egesha pikipiki, tafuta kivuli, vua jaketi na helmeti, kunywa maji na ujifute shingo na kwapa kwa kitambaa kilicholoa. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizirai, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagie maji huku akipelekwa hospitali upesi.

JOTO LA MVUKE LA PWANI

Mackinnon Road, madereva wengi husimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, anayekumbukwa tangu siku za kujengwa kwa reli, wakaomba safari njema. Dua ni jambo jema. Ukimaliza kuomba, funga kamba ya helmeti chini ya kidevu, maana helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagonga chini.

Kuanzia Mariakani, hewa inabadilika. Imejaa unyevu wa bahari, na jasho halikauki tena. Ile fulana mbichi uliyoitegemea Tsavo haitakufaa sana hapa. Tegemea upepo: fungua matundu yote ya jaketi, na foleni ikisimama Changamwe, tafuta kivuli badala ya kusubiri nyuma ya bomba la moshi la lori. Pale Mazeras, mama muuza madafu atakutazama akuulize, "Mwanangu, si utaiva humo ndani?" Mwambie, "Ndiyo mama, ndiyo maana nimekuja kwako." Dafu moja litakurudishia nguvu.

HELMETI NA ABIRIA

Kuna kisa cha zamani kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1935, mwanajeshi na mwandishi Mwingereza T.E. Lawrence, aliyepata sifa katika majangwa ya Arabuni, alianguka na pikipiki yake huko kwao Uingereza bila helmeti. Alifariki baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo. Aliwachunguza wanajeshi waliojeruhiwa wakiendesha pikipiki, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la nchi hiyo likawaamuru waendeshaji wake wavae helmeti. Kifo kimoja kiliokoa vichwa vingi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kuvaa helmeti ipasavyo hupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita.

Nchini kwetu, Sheria ya Trafiki kama ilivyorekebishwa mwaka 2012 inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na mavazi ya kuakisi mwanga. Wengi wetu hatutawahi kuendesha pikipiki hadi Mombasa, lakini tunapanda bodaboda kwenda chuoni, sokoni na kanisani. Dada, najua umesukwa juzi na hutaki kuvaa helmeti iliyovaliwa na watu kumi kabla yako. Beba leso yako nyepesi mkobani, jifunge, kisha uvae. Kijana wa chuo, usione haya kumwambia mwendeshaji, "Kaka, nipe helmeti kwanza." Naye akisema ni mwendo mfupi tu, mwambie asante na usubiri mwingine.

Nanyi wazazi wenye kijana anayetafuta riziki kwa bodaboda, zawadi bora ya kumpa si simu mpya. Mnunulieni helmeti inayomtosha, isiyocheza kichwani, yenye rangi nyeupe au nyingine isiyovuta joto sana, na yenye alama ya ubora. Mwambieni pia kwamba povu gumu lililo ndani ndilo linalomeza kishindo, na likishagongwa kwa nguvu mara moja kazi yake imekwisha, hata kama nje helmeti inang'aa. Hapo hununuliwa nyingine.

Jasho la safari hukauka kwa kuoga ndoo moja ya maji ukifika. Jeraha la kichwa halioshwi kwa maji, na mara nyingi hulipiwa na familia nzima kwa miaka mingi. Kinga ni bora kuliko tiba. Safari njema, msomaji, na ukifika Mombasa usivue chochote kabla hujazima injini.