Mapumziko Hupikwa Siku Moja Kabla

Ukitaka kujua jinsi kazi inavyomtawala binadamu, sikiliza majina ya siku. Kwa Kidholuo, Jumatatu ni Wuok Tich, yaani kutoka kwenda kazini. Jumanne ni Tich Ariyo, kazi ya pili, na hesabu huendelea hadi Ijumaa, Tich Abich, kazi ya tano. Kiswahili huhesabu vingine: Ijumaa ni siku ya kukusanyika kwa sala, na baada yake ndipo huanza Jumamosi, yaani ya kwanza. Lugha moja huhesabu wiki kwa kazi, nyingine kwa ibada. Sisi wa mjini, je, twahesabu kwa nini?

Mama mkwe wangu ana kibanda cha unga, sukari na sabuni huko Rodi Kopany, pale barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inapokutana na ile ya Ndhiwa. Yeye ni Msabato. Imani hiyo si ngeni katika nchi ile. Wamisionari wake, Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa kutoka Malawi, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906.

Kila Ijumaa alasiri mama hufunga kibanda mapema. Huko karibu na ikweta jua halichezi na watu: mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Kabla halijazama, maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, na sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe, imekwisha kuiva. Hafungui tena hadi jua la Jumamosi lizame.

Msomaji atasema hilo ni rahisi kijijini. Si rahisi hata kidogo. Jumamosi ndiyo siku ya mazishi kwa wengi wa majirani, na magari ya wageni hupita njia panda ile yakitafuta soda, mkate na sukari. Jirani yake, ambaye husali Jumapili, huuza mpaka akaishiwa.

Januari moja mjukuu aliitishwa karo ya kidato cha pili, na fedha hazikutosha. Shemeji yangu akamwambia, "Mama, fungua Jumamosi mbili tatu tu. Mungu anaijua karo."

Mama alimjibu polepole, "Mwanangu, tangu baba yako afariki nimewasomesha kwa siku sita. Hii ya saba mkiichukua, mtanikuta wapi mkija kunisalimu?"

Hakuna aliyemjibu. Karo ilipatikana nusu kutoka Nairobi na nusu kwa mbuzi wawili, na mmoja wa hao mbuzi alikuwa na mimba. Nataja mbuzi kwa sababu wahubiri wengi hutuambia tutenge wakati, lakini hawatuambii kwamba wakati huo una bei.

Mimi ni Mwanglikana wa kutoka Alego, na mama huniita Nyar Alego bila kunishurutisha kuwa Msabato. Kazi yangu ya gazeti hailali Jumamosi, na mume wangu ni dereva wa lori. Siku ya mama haiwezi kuwa siku yetu. Tulichochukua kwake ni sufuria ya Ijumaa, kwa maana mapumziko hupikwa siku moja kabla. Usipofua Jumamosi, utafua Jumapili, na baada ya ibada watoto watakuona mgongo tu.

Basi kwetu, kutoka kanisani mpaka usiku wa Jumapili, simu hukaa kabatini. Tunakula pamoja, mtoto mmoja husoma fungu la Biblia, mwingine huomba. Mume wangu akiwa safarini, tunampigia saa mbili usiku, tunaomba pamoja, kisha simu inarudi kabatini.

Lakini tujihadhari. Mapumziko ya familia moja yasiwe mzigo wa mtu mwingine. Yaya anayepika huku ninyi mnasali naye ana mama yake na Mungu wake. Amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka inamtaja mtumishi, na hata mnyama. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 nayo inampa mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kwetu yaya hutoka Jumapili asubuhi, na vyombo tunaviosha wenyewe.

Nanyi wanafunzi msidhani jambo hili ni la wazee. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono wanafunzi Wasabato waliotaka nafasi ya kuabudu siku yao wakiwa shuleni. Kuna vijana waliona siku moja inafaa kutetewa hadi mahakamani. Wewe huenda hukatazwi na mtu yeyote ila redio na simu yako.

Si kila nyumba itapata siku nzima. Muuguzi wa zamu na askari wa usiku wanajua ninalosema. Kama ni saa mbili tu, kubalianeni ni zipi, waambieni jamaa na marafiki, na mpike mapema. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi inayoponyoka ni ile isiyolipa mshahara.