Unyevu wa Nchi ya Baridi

Sisi watu wa pwani unyevu tumezaliwa nao. Twaujua kwa chumvi inayolowa kibakulini, kwa kitabu kinachojikunja pembe, kwa mlango wa mbao unaokataa kufungika msimu wa masika. Siku nilipoondoka Lamu kumfuata mume wangu, aliyepata kazi ya ualimu huku Tetu katika kaunti ya Nyeri, shangazi zangu walinipongeza kwa jambo moja: kwamba vyombo vyangu vya umeme sasa vitapumzika na kutu. Bara ni baridi, walisema, na baridi haina maji.

Tetu iko chini ya milima ya Nyandarua, katika nyanda zinazofikia mita 2,000 juu ya bahari. Wasomaji wengi watakuwa wamelisikia jina hili kwa ajili ya marehemu Wangari Maathai, aliyezaliwa kijijini Ihithe mwaka 1940 na baadaye akawa mbunge wa hapa. Kuanzia Juni hadi Agosti, katika kipupwe, jua huweza kutoonekana siku nzima. Wingu hushuka likakaa juu ya mashamba ya chai, na manyunyu huanguka bila kelele. Nguo zilizoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi, nazo bado zina ubichi.

Kompyuta yetu ni ya mezani. Tuliinunua kwa fedha za mchezo wa wanawake wa mtaa, na imebeba kazi mbili: hesabu za duka la kaka yangu, ambazo hunilipa mimi, na masomo ya binti yetu anayesomea chuo kwa njia ya intaneti. Iliwekwa sebuleni, kando ya ukuta wa jikoni, kwa kuwa ndiko soketi iliko. Kipupwe chetu cha kwanza ikaanza kukataa kuwaka asubuhi, kisha ikawaka adhuhuri kama kwamba haikuwa na lolote. Fundi wa mjini Nyeri alipoifungua alituonyesha vijiguu vya madini vikiwa na rangi ya kijani, ile rangi ya shaba iliyoliwa na maji. Hakuna aliyeimwagia maji. Maji yalikuja yenyewe.

Namna yanavyokuja inastahili kuelezwa, kwani ndiyo inayotofautisha unyevu wa huku na wa kwetu. Hewa yenye joto hubeba maji mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba hata gramu 10. Sasa fikiria jioni ya Tetu. Maharagwe yamechemka saa tatu jikoni, nguo zimeanikwa ndani, watu watano wanapumua, na hewa ya nyumba imefika nyuzi 20 ikiwa na gramu 12 za maji au zaidi. Hewa hiyo ikigusa bati la kompyuta ambalo limelala na baridi ya nyuzi 10, maji ya ziada hayana pa kwenda ila kugeuka matone juu ya bati hilo. Ni umande ule ule uanguao majanini, ila huu umeangukia mezani. Nyumba isiyo na dari huupata mara mbili, kwa sababu mvuke hushika chini ya mabati usiku na alfajiri hudondoka.

Pwani, basi, adui ni chumvi iliyomo hewani na joto lisilokwisha. Huku adui ni tofauti ya joto kati ya kitu na hewa inayokizunguka. Watengenezaji wengi wa kompyuta huruhusu unyevu wa hewa ufike asilimia 80, hata 90, kwa sharti moja tu: usigeuke matone.

Mwezi Julai mavyaa wangu alitutembelea kutoka Lamu. Mtu wa miaka sabini na kitu, ambaye hajawahi kulala chini ya blanketi mbili, alikuta kitanda chake kina ubaridi wa kisima. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne aliagiza seredani iingizwe chumbani alimolala na wajukuu. Na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuihamishia kompyuta chumba hicho, akaongeza hoja ambayo wallahi haikuwa mbaya: “Mwanangu, moto wa makaa utawapasha watoto joto, na hicho chombo chenu kitakauka.”

Kwa upande wa unyevu alikuwa na haki. Kila kilo moja ya gesi ya kupikia inapoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na lita moja ya mafuta ya taa hutoa karibu lita moja. Ndiyo maana kupasha nyumba joto kwa vitu hivyo huifanya ilie madirishani. Makaa hayana karibu maji yoyote ya kutoa. Hukausha kweli. Lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu ikachukua mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hazinduki kuikimbia. Makaa yaliyoshika vyema, yasiyotoa moshi hata kidogo, ndiyo yanayowadanganya watu. Kila kipupwe redio za huku husimulia nyumba iliyofungwa madirisha, jiko katikati, na watu ambao hawakuamka.

Mkwe hamkatalii mavyaa kwa mahesabu ya hewa. Nilimwendea baada ya Isha, nikamshika miguu, nikasema, “Mama, wewe ndiwe uliyemfundisha mume wangu kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kuacha moto nyumbani tunapolala. Mimi nimelipokea hilo kutoka kwake.” Alininyamazia kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, kama amri hiyo pia ilikuja na dawa ya miguu baridi. Tulimjazia chupa mbili za maji moto, tukazivisha soksi. Seredani ililala barazani usiku ule, na kila usiku mpaka aliporudi kwao.

Kompyuta nayo ilibaki kutafutiwa yake. Tulichokifanya hakikutugharimu mengi. Iliondolewa sakafuni na kusogezwa mbali na ukuta wa nje kadiri ya shubiri mbili, hewa ipite nyuma yake. Huwashwa kila siku, hata kama hakuna kazi, kwa saa moja au mbili, maana joto lake lenyewe ndilo mlinzi wake wa kwanza. Mashine iliyozimwa wiki tatu katika chumba baridi huharibika kuliko inayofanya kazi. Chetezo hakipiti karibu nayo, kwani moshi wa udi hunata katika feni, na vumbi lililonata hushika maji. Vijifuko vya silika tumeviweka katika droo ya diski na waya, na vikishiba twavikausha juani, siku jua likitukumbuka.

Lililonishangaza zaidi ni dirisha. Kwetu, kufungua dirisha hakuondoi unyevu, kwa kuwa nje kuna maji mengi kama ndani. Huku, hata asubuhi yenye ukungu, hewa ya nje ya nyuzi 10 ina gramu 9 tu za maji. Ikiingia na kupata joto la nyumba, inageuka kuwa hewa kavu. Robo saa ya dirisha wazi baada ya kupika hufanya kazi kuliko mtungi mzima wa gesi. Jirani yangu, shosho wa Kikuyu aliyezaliwa hapa, amekuwa akifungua dirisha lake hivyo maisha yake yote bila kuhitaji gramu za mtu.

Na nyinyi mlioko Mombasa msidhani haya hayawahusu. Binti yetu alipokuja huko likizo na kompyuta ndogo ya mkobani, basi lilikuwa na kiyoyozi usiku kucha, na mkoba ulishuka ukiwa baridi kama wa Tetu katika hewa yenu iliyojaa maji. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka ofisi yenye kiyoyozi kwenda nyumbani. Chombo kisifunguliwe hapo hapo, hata wadogo zake wakikizunguka kwa hamu ya picha. Kiachwe ndani ya mkoba uliofungwa saa moja au mbili, kipate joto la mahali polepole; wakati huo chai inywewe na habari za huku ziulizwe.